Mzee Koki na Wageni wa Bwawa la Tatu

Baada ya miaka thelathini na moja ya kulinda mabwawa yetu, Mzee Koki anastaafu tarehe 30 Novemba. Jina lake halisi wengi hatulijui, na yeye mwenyewe akiitwa kwa jina hilo hugeuka nyuma kutazama nani anaitwa.

Alianza kama kibarua wa kufyeka nyasi, akapanda hadi kuwa msimamizi wa mabwawa ya kusafishia majitaka. Kazi yenyewe si ya manukato, lakini hatujawahi kumwona amekunja uso. Sisi wa jikoni tulimnunia kwa jambo moja tu: yale mabuti yake yenye tope kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki.

Mapenzi yake ni bata mwitu wanaotujia kila mwaka kutoka kaskazini ya mbali, wakikimbia baridi. Madume hufika wamefifia, wana madoa ya udongo kama majike. Taratibu hubadilika: kichwa cha kahawia iliyoiva, mstari mweupe shingoni, mkia mrefu uliochongoka. Mzee Koki husema wanavua nguo za safari, wanavaa za harusi. Mkewe hulalamika, huku akicheka, kwamba ameletewa wake wenza wenye manyoya.

Mwaka mmoja, kwa upendo tu, aliwajazia bwawa la tatu pomoni. Bata wakatua, wakabinuka vichwa chini mikia juu, wakaambulia patupu, wakaondoka. Kumbe hawa si wa kupiga mbizi. Hula pale shingo inapofika. Alikosa raha msimu mzima. Tangu hapo, wakikaribia kuja, hufungua koki kubwa maji yabaki ya magotini. Ndipo jina lilipomganda.

Mwaka huu walichelewa. Mzee aliogopa kuondoka bila kuwaona, tena aliogopa koki itasahaulika. Kila akija kuchukua chai alituuliza kama tumesikia mbawa. Tuliomba, kweli tuliomba. Mungu aliyewaonyesha njia hashindwi kuwafikisha.

Jumatatu hii alikuta bwawa la tatu limeshapunguzwa. Binti fundi anayemrithi alikuwa amefungua koki bila kukumbushwa. Na juu ya maji, mikia imesimama wima! Mzee alitazama weee, kisha akamkabidhi binti mpini wa koki, akasema sasa atalala usingizi.

Asante, Mzee wetu. Mungu akuzidishie afya na utulivu nyumbani. Wageni wako wakianza kuvaa nguo za harusi tutakuita, na chai itakuwepo. Mabuti tu uyaache mlangoni.