Nilipooza kwa Wivu

Bwana asifiwe, vijana wenzangu, na ninyi wazazi mliokaa nyuma kuhakikisha hatusinzii. Naanza na ujinga wangu kabisa, anayetaka kucheka acheke mapema. Nililala kitandani wiki tatu nikidai miguu yangu haifanyi kazi. Ilikuwa inafanya kazi vizuri mno. Watu wakienda shambani, nilikuwa nacheza muziki peke yangu chumbani.

Tumeambiwa tusitaje jina la mtu. Sawa. Mgonjwa wa kweli alikuwa pacha wangu, aliyenitangulia kuzaliwa. Mimi mnaniita Doto. Jina lake silitaji ng'o.

Ilianza na mgongo. Akilala chali, maumivu yanamwamsha. Kisha mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi, akawa anajikwaa hata kwenye sakafu ya darasa. Mimi nikamwita "trekta bovu" mbele ya kidato cha tatu kizima. Dawa za zahanati hazikumsaidia. Mjini Bariadi daktari akamgonga magoti kwa kinyundo, akakunja uso, akaandika rufaa ya kwenda kupigwa picha ya MRI Mwanza.

"Msichelewe," akamwambia baba.

Hapo ndipo wivu uliponikaba. Pamba ilikuwa imepasuka, sisi wote tuko juani kule Ngulyati tunavuna, yeye kaachwa nyumbani na mayai ya kukaanga. Mayai mawili! Ndugu zangu, kwetu mapacha hugawiwa sawa tangu siku ya kwanza, shati kwa shati, hata kofi kwa kofi. Sasa baba anampakia kwenye baiskeli kama askofu, mimi natembea nyuma nimebeba mabegi yetu mawili ya shule. Shangazi akaja na maziwa ya mgando, akanipita kama nguzo ya umeme.

Basi, safari ya Mwanza ikiwa imebaki siku mbili, nikagoma kuinuka.

"Mayu," nikamwita mama, "mguu wa kushoto siusikii."

Nilichagua mguu uleule. Sipendi kazi nusunusu.

Nilitegemea mayai, sikumtegemea bibi. "Mapacha wakiangushwa na ugonjwa mmoja," akamwambia baba, "hilo si la hospitali. Wakimpasua huyu, yule anakufa." Baba akaikunja barua ya rufaa, akaichomeka juu kwenye kenchi ya paa.

Akaletwa mganga wa mapacha. Tukanyolewa vichwa, tukavishwa shanga nyeupe, tukachanjwa chale kiunoni sawa kwa sawa, tukanywa dawa chungu kwenye kibuyu kimoja. Kuku akachinjwa. Yeye paja, mimi paja. Nawaambia ukweli, nilifurahi.

Pacha wangu akawa ananinong'oneza, "Doto, unaumwa kweli?"

"Kuliko wewe," namjibu. Nilishindana naye hata kulia.

Kumbe mwenzangu anazidi kuisha. Mguu wa kulia nao ukalegea. Niliuona ukilegea, nikanyamaza, maana kusema ukweli kulikuwa na fimbo na kunyamaza kulikuwa na kuku.

Wiki ya tatu, mchana, tumekalishwa jikoni, mama anasonga ugali. Pacha wangu kanyoosha miguu karibu na mafiga. Nikasikia harufu.

"Nani anachoma kwato humu?"

Akacheka. Huwa anacheka utani wangu hata ukiwa mbovu. Nikatazama chini. Kisigino chake kilikuwa juu ya kaa la moto, na yeye bado anacheka.

Niliruka. Nikamshika kwapani, nikamburuta hadi kwenye ndoo, nikamwagia kile kisigino maji, na muda wote huo nimesimama wima kwa miguu yangu yote miwili. Mwiko wa mama ukabaki hewani. Bibi alikuwa mlangoni, baba nyuma yake.

"Wewe," baba akasema, "umepona saa ngapi?"

"Sikuwahi kuumwa, baba. Nilimwonea wivu. Mpelekeni Mwanza, tafadhali, anaungua hajui!"

Fimbo sizisimulii. Niseme tu kwamba bibi, pamoja na umri wake, ana mkono mzito. Kesho yake barua ilishushwa kwenye kenchi, tukapanda basi, mimi nikiwa mbebaji.

Picha ilionyesha uvimbe ndani ya mgongo. Daktari akatuchorea kwenye karatasi: neva ni kama waya wa umeme, una ganda lake, na uvimbe umeota kwenye ganda. Si saratani, ila umekua mpaka unaubana uti wa mgongo. Siku ya upasuaji akafungua mfupa kwa nyuma, akaubandua ule uvimbe taratibu akitazama kwa hadubini, neva ikabaki. Alituambia tungechelewa zaidi, huenda miguu isingerudi. Na yule pacha aliyesemekana atakufa ndiye huyu anayewapigia kelele.

Siku aliposimama akishika kitembezi, wodi nzima ikapiga makofi. Mnajua nilihisi nini? Wivu! Hata lile kovu nililitamani. Halafu akapiga hatua moja kunifuata mimi, si baba, nikalia kama mtoto wa chekechea. Leo anatembea na mkongojo mmoja, vidole vya kushoto bado vizito.

Nawashukuru daktari, wauguzi, na yule dada wa mazoezi aliyemkalipia kwa upendo. Namshukuru bibi, aliyemwomba pacha wangu radhi mbele yetu sote. Nanyi mliotuvunia pamba, asanteni. Somo langu ni fupi: ukijikuta unamwonea mgonjwa wivu, mwambie mtu siku hiyohiyo, kabla hujaanza kuchechemea.

Mimi nilimwambia mama tukiwa kwenye benchi la hospitali, kwamba siku zote nilijiona wa ziada. Sikupigwa. Aliendelea kumenya chungwa, akasema hivi, neno kwa neno:

"Siku mliyozaliwa, mkunga aliniambia, 'Tumemaliza, mama, pumzika.' Alikuwa ameshaanza kukusanya vifaa vyake. Mimi ndiye niliyesema bado, kuna mwingine humu, na ninamtaka."