Fundo la Mkono wa Kushoto: Maisha ya Mzee Soli, Fundi Viatu na Mzazi wa Skauti

Tarehe ni ileile, saa ni ileile. Leo Jumamosi, 13 Julai 2024, saa nne asubuhi, Mzee Soli alitakiwa kuwa kwenye uwanja wa nyuma ya shule, kamba mkononi, akirudia kwa mara ya nne mtihani uliomshinda mara tatu. Suruali yake ilikuwa imeshapigwa pasi. Badala yake tumekutana hapa, na mpaka sasa kuna watu katika familia wanaogeuza shingo kila lango likilia, wakidhani ndiye anaingia na kusema samahani, nilikuwa na kiatu cha mtu.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1979, akiwa wa tatu kati ya watoto sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, ambako baba yake alikuwa akipaka rangi mabehewa. Mama yake, ambaye wengi hapa tunamwita Bibi, anasema kijiko cha kwanza alichopewa alikipokea kwa mkono wa kushoto. Bibi akakihamishia kulia. Mtoto akakirudisha kushoto. "Tukashindana hivyo hadi chakula kikapoa," Bibi anasema, "na aliyelala njaa ni mimi, maana yeye alishashiba kwa huohuo wa kushoto."

Alianza darasa la kwanza Januari 1986. Mwalimu wa mwandiko alikuwa na dawa moja tu ya mkono wa kushoto, nayo ni kamba. Aliufunga kwenye mguu wa dawati hadi kengele ilie. Marehemu hakulia. Aliandika kwa kulia, herufi zimelala kama walevi barazani, na kule chini vidole vya kushoto vilikuwa vikilifungua fundo taratibu. Kufikia darasa la tatu hapakuwa na fundo asiloweza kulifungua bila kulitazama. Kufunga, hakuna aliyemfundisha. Kisa hiki alikuwa akikisimulia huku akicheka, na wanawe wakicheka naye, hadi siku binti yake alipouliza, "Baba, uliumia?" Akautazama mkono wake kana kwamba ameulizwa habari za mtu mwingine. "Haukuumia," akasema. "Ulizoea kujificha." Alimaliza darasa la saba mwaka 1992, akasoma sekondari hadi kidato cha pili, akaacha Novemba 1994 baba yake alipofariki.

Januari 1995 alikwenda kwa mjomba wake kujifunza ushonaji wa viatu. Siku ya kwanza mjomba alimpa msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, akaona kijana anasita nao, mara kulia, mara kushoto. Mjomba akamwambia, "We mtoto, kiatu hakijui mkono. Kinajua kama kimeshonwa." Ndipo ule wa kushoto ukatoka mafichoni. Kwa miaka ishirini na tisa alifanya kazi katika kibanda cha bati chini ya ngazi za jengo la posta, mahali ambapo ukisimama wima unagonga kichwa. Alikuwa akiwatambua watu kwa visigino. Mtu angepita akimsalimu, naye, bila kuinua uso, angejibu, "Salama, ila kisigino cha kulia kinalika upande mmoja. Umeanza tena kubeba mfuko begani?" Muuza magazeti wa jirani yake anasema ilifika mahali watu wanapita njia ya nyuma wasije kuambiwa wamenenepa.

Alifunga ndoa tarehe 18 Desemba 2004. Mkewe, karani wa duka la vitabu, alikuwa amempelekea kiatu kimoja kilichong'oka kisigino. Fundi akamwambia kiatu hakitengenezwi peke yake, alete na mwenzake akitazame. Kesho yake akaleta. Fundi akakigeuza, akakipuliza, akakipiga kofi soli, akasema hiki ni kizima. "Sasa uliniitia nini?" mama akauliza. "Nilitaka nione kama utarudi," akajibu. Mama amesimulia kisa hicho mara nne tangu Alhamisi. Kila akifika mwisho anasema, "Alinidanganya, na sijawahi kumlipizia." Walijaliwa watoto watatu: kijana anayesomea ufundi umeme, binti mwenye miaka kumi na tano, na kitinda mimba wa miaka minane.

Februari 2022 binti alijiunga na kundi la skauti la hapa mtaani. Fomu ilikuwa na mstari mmoja wa mwisho, kwamba kila familia itoe mzazi wa kujitolea siku za Jumamosi mchana. Mama alikuwa kazini. Marehemu akafunga kibanda, akaenda akiwa na aproni yake ya ngozi, akisema anakwenda kuonesha sura tu. Kiongozi wa kundi, mwalimu wa sayansi ambaye watoto humwita Mkuu, alimpokea langoni kwa kumnyooshea mkono wa kushoto.

Marehemu akasimama. Binti alimwona baba yake akibadilika uso.

"Mkuu," akasema polepole, "nani amekwambia habari zangu?"

"Habari zipi, mzee?"

"Za mkono huo."

"Aa, huu ndio mkono wetu. Skauti husalimiana kwa kushoto, dunia nzima."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani sana. Kwani vipi?"

Marehemu akautoa wa kwake, akaushika ule wa Mkuu, asiuachie. "Mimi nimefungwa kamba kwa ajili ya mkono huu," akasema. "Kumbe nilikuwa skauti, wakaniadhibu kabla sijajiandikisha."

Aliyekwenda kuonesha sura hakukosa Jumamosi hata moja kwa miaka miwili na miezi mitano. Mahema ya kundi yaliyokuwa yakivuja aliyashona kwa uzi wake wa nta. Kwenye matembezi marefu alikuwa wa mwisho kwenye mstari, macho chini, akitazama watoto wanavyokanyaga, na kabla mtoto hajajua kwamba ana lengelenge tayari ameshasimamishwa. "Kaa. Vua. Cha kushoto." Ndipo watoto walipompa jina la Mzee Soli, naye akalipenda kuliko lile la kwenye kitambulisho.

Lakini kulikuwa na hili la mtihani. Mzazi anayetaka kulala kambini na watoto, na kuvaa skafu, hana budi kufaulu mambo matano kama skauti yeyote. Manne aliyaweza. La tano lilikuwa fundo la uokoaji, lile duara la kamba linalofungwa kiunoni, ambalo halitakiwi kulegea wala kumbana mtu hata akivutwa kutoka shimoni. Mkuu hushika ncha ya pili, akavuta kwa nguvu zote, kisha akasema neno moja kati ya mawili: imeshika, au imeteleza.

Novemba 2022 iliteleza. Juni 2023 iliteleza. Februari mwaka huu iliteleza hadi ikamwangukia miguuni kama suruali isiyo na mkanda, na watoto ishirini na wawili, pamoja na binti yake, wakacheka hadi wakakaa chini. Fundi viatu, mtu wa nyuzi na gidamu, ameshindwa na kamba. Kweli kinyozi hajinyoi. Njiani kurudi, binti, ambaye kicheko kilishamgeukia aibu, akamwambia, "Baba, si uache tu? Utakuja mchana, jioni utarudi nyumbani kulala. Kuna ubaya gani?"

"Ngozi ikikataa leo," akasema marehemu, "unailaza kwenye maji. Kesho unaiuliza tena." Kisha baada ya hatua kadhaa akaongeza, "Nataka kulala kwenye hema nililolishona. Nione kama linavuja."

Jumatano iliyopita, tarehe 10 Julai, jua likiwa bado juu, walikuwa uani, baba na binti, na ile kamba ya kuanikia nguo ambayo upande mmoja ilikuwa imekatika. Binti alikuwa akimfundisha kama Mkuu alivyomfundisha, wakiwa wamesimama bega kwa bega. Mara akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Baba alianza kwa kulia, kama kwenye picha ya kitabu, na alipofika katikati mkono wa kushoto ukaingia wenyewe na kumalizia upande wake. Mikono miwili ilikuwa ikifunga mafundo mawili tofauti kwenye kamba moja.

"Baba, usinifuate," akasema. "Njoo usimame mbele yangu. Nitazame kama kioo."

Akasimama mbele yake. Mkono wa kulia wa binti ukienda, wa kushoto wa baba unakwenda. Duara, ncha ikapanda, ikazunguka nyuma, ikashuka ilikotoka. Kamba ikajikaza kwenye nguzo ya zege. Walitazamana.

"Niivute?" binti akauliza.

Mama akaita kutoka jikoni kwamba chakula kinapoa.

"Usiivute," baba akasema. "Iache ilale. Jumamosi nitafunga nyingine mbele ya Mkuu, atavuta yeye." Alikula sahani mbili. Alipiga mluzi akiosha mikono.

Mahali hapa, kwa kawaida, huelezwa ugonjwa wa marehemu. Hatuna cha kueleza. Hakuugua. Alhamisi, tarehe 11 Julai, alifungua kibanda saa moja na nusu. Saa nne na dakika ishirini muuza magazeti alimwona ameinama, akadhani anatafuta msumari. "Fundi, umepoteza nini?" akamuuliza. Akauliza tena. Kiatu cha shule cha mtoto kilikuwa magotini pake, msharasi bado umesimama kwenye ngozi, na gundi ya upande wa pili ilikuwa haijakauka. Hospitalini daktari alisema mshipa wa damu umepasuka kichwani, na kwamba alikata roho kabla hajafikishwa mlangoni. Binti alimuuliza daktari kama mshipa huo ulikuwepo Jumatano jioni. Daktari akasema ulikuwepo, tena huenda kwa miaka. Akauliza kama mtu anaweza kuwa nao na bado akapiga mluzi. Daktari akavua miwani yake. "Anaweza," akasema. Hilo ndilo tunalolijua, na hatulielewi.

Majirani walikuja, nyumba ikajaa. Shangazi na wanawake wenzake, wakitafutia mikono kazi, walifua kila kitu kilichokuwa ndani, na jana Ijumaa walianika mablanketi matano yaliyolowa kwenye ile kamba. Hakuna aliyewaambia. Binti alipotoka uani kamba ilikuwa imepinda kama upinde, na fundo la baba yake, ambalo halikuwahi kuvutwa na mtu, lilikuwa likibeba uzito wote huo peke yake. Akakimbilia kuyashusha, kisha akashindwa kuyagusa. Aliogopa kwamba akiligusa, litateleza.

Ndivyo Mkuu alivyomkuta, alipokuja na watoto wa kundi kutoa pole.

"Nani amefunga hili?"

"Baba. Juzi."

Mkuu akachuchumaa. Akalichunguza, akazunguka nguzo, akarudi. "Limegeuka," akasema kwa sauti ya chini. "Kwenye kitabu linakaa upande huu."

"Ni la mkono wa kushoto," binti akasema. "Alinitazama kama kioo."

Bibi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, akasema, "Vuta, mwanangu. Si ndiyo kazi yako?"

Mkuu akavua koti. Si mtu mwembamba, wanaomjua wanajua. Hakushusha blanketi hata moja. Akaishika kamba kwa mikono miwili, akavuta. Nguzo ikatikisika. Akakunja miguu, akaning'inia mzima mzima, maji ya mablanketi yakimchuruzikia shingoni, watoto ishirini na wawili wakitazama, na safari hii hakucheka mtu. Alining'inia muda mrefu kuliko mtihani wowote. Kisha akasimama.

"Imeshika," akasema.

Akajifuta uso. "Miaka miwili nimemfundisha akiwa ubavuni mwangu," akamwambia Bibi. "Sikuwahi kukaa mbele yake."

"Afadhali wewe umemvumilia," Bibi akamwambia. "Mimi nilijua anafungwa dawatini. Nilikuwa naiona alama ya kamba kila jioni, namwogesha juu yake. Nikanyamaza, nikijua mwalimu anajua."

Skafu iliyo juu ya jeneza imewekwa na Mkuu asubuhi hii. Ahadi ya skauti haisemwi na mtu kwa niaba ya mwingine, hivyo haitasemwa. Lakini kwenye kitabu cha kundi, mbele ya jina lake, jambo la tano limetiwa alama, kwa tarehe ya Jumatano. Na lile hema aliloshona watoto wamelisimamisha uani. Kitinda mimba na kaka yake walilala humo jana. Halivuji.

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto watatu, kaka wawili, dada watatu, mjomba mzee ambaye kuanzia Jumatatu atakaa kibandani kumalizia viatu vya watu, na watoto ishirini na wawili wa kundi, ambao Mkuu amesema hawatapungua hata mmoja kwenye mstari huu. Kamba ya kuanikia bado iko nguzoni. Mama amesema haifunguliwi.

Baada ya maziko, wote mtakaotaka kuwapa pole wafiwa, familia inawaomba mtoe mkono wa kushoto. Bibi amesema ataanza yeye.

Lala salama, Mzee Soli. Tumevuta. Imeshika.