Chako Nimekifunika: Maisha ya Mwalimu Yotham Matonya na Roketi Yake

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, ndugu zetu mliotoka Kibakwe na Kondoa, majirani wa Mkonze, Bwana Yesu asifiwe, na wenzetu Waislamu, asalaam aleykum. Mimi ni Zablon Matonya, mdogo wake marehemu, na ukoo umenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi ambayo yeye mwenyewe angependa aifanye, kwa sababu hakuwahi kuniamini kwenye jambo lolote lenye tarehe.

Marehemu Mwalimu Yotham Matonya alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 Kibakwe, wilaya ya Mpwapwa, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Bartolomayo Matonya na mama Loisi, wote wametangulia. Baba yetu alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Kilosa, alirudi siku ambayo hakuna aliyeijua, kwa hiyo mama kila jioni alipakua ugali wa baba na mlenda wake, akafunika, akaweka juu ya kinu. Hakuna aliyeruhusiwa kukifunua chakula kile isipokuwa mwenyewe, hata kama njaa ilikuwa inatutoa machozi, na asubuhi, kama baba hakuja, mama alikipasha moto akatugawia, na jioni akafunika kingine. Nayasema haya mapema kwa sababu bila hayo hamtamwelewa kaka yangu.

Alisoma shule ya msingi Kibakwe kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akaendelea na sekondari mjini Dodoma hadi mwaka 1977, kisha akaingia chuo cha ualimu Mpwapwa, alikohitimu mwaka 1980. Kazi alianzia Kondoa mwaka huohuo, akafundisha fizikia kwa miaka kumi na minne, na huko ndiko alikompata rafiki yake wa kufa na kuzikana, Mwalimu Bashiri Adamu, aliyeketi pale mbele, ambaye jana alishuka kaburini na kuchimba na vijana ingawa daktari amemkataza hata kubeba ndoo. Mwaka 1994 alihamishiwa Dodoma mjini, akajenga hapa Mkonze, akapanda mizabibu yake hiyo mnayoiona nyuma ya turubai, akafundisha hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2019.

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa takatifu na shemeji yangu Dorothea katika kanisa la Kibakwe, wakabarikiwa watoto wawili, Gerson, aliyezaliwa mwaka 1986, ambaye yuko nasi hapa, na Angelina, aliyezaliwa tarehe 22 Juni 1991. Angelina ndiye aliyerithi fizikia ya baba yake. Binti alipokuwa mdogo, marehemu alifunga uzi kutoka dirishani hadi kwenye mti wa kuegeshea mizabibu, akapitisha mrija, akabandika puto lililojaa hewa, akaliachia likakimbia kwenye uzi, na mtoto akauliza ni lini litakwenda juu badala ya kwenda pembeni. Marehemu alimwahidi kwamba siku moja watarusha la kwenda juu, wote wawili.

Septemba 2015 Angelina alikwenda Kanada kusomea uhandisi wa mitambo, akamaliza, akapata kazi, lakini karatasi zake za ukaazi hazijakamilika hadi leo, na akitoka kabla hazijakamilika huenda asiruhusiwe kurudi. Kila mwaka tuliambiwa ni mwaka ujao. Marehemu hakumlaumu hata siku moja, ila alikuwa na tabia ya kutazama kila ndege inayopita juu ya Mkonze hadi ipotee, hata zile ambazo sote tulijua zinakwenda Mwanza.

Novemba 2020 Angelina alimtumia baba yake sanduku jembamba, na ndani yake mlikuwa na vipande vya roketi ndogo ya kuunda mwenyewe: bomba la karatasi ngumu, pua ya plastiki, mapezi matatu ya ubao mwepesi na mwavuli wa kuishusha taratibu. Injini haikuwemo, kwa sababu ina baruti, na vitu vya baruti havisafirishwi kama kitenge. Ndugu waombolezaji, mzee wa miaka sitini na moja alirudi kuwa mwanafunzi. Alilainisha mapezi kwa msasa barazani hadi Dorothea akalalamika kuhusu vumbi kwenye mboga, na kwa ukavu wa hewa yetu gundi ilikauka kabla pezi la kwanza halijakaa sawa, likaganda limeinama, ikabidi alilegeze kwa mvuke wa sufuria ya maharage, hadi shemeji akamfukuza jikoni kwa mwiko.

Alipomaliza kupaka rangi, nyeupe mwili mzima na nyekundu kwenye mapezi, aliifunga kamba katikati akaizungusha juu ya kichwa chake hapa uwanjani, maana roketi ikizungushwa hivyo na pua ikatangulia, hewani nayo itakwenda wima. Majirani hamkujua hayo. Mama mmoja aliyepo hapa, sitamtaja, alisimama kwenye ua akidhani ni kombeo, akamwuliza mwalimu anaamia ndege wa shamba gani, mbona mtama ulishavunwa, na marehemu aliicheka habari hiyo hadi wodini.

Ilikamilika Pasaka ya mwaka 2021. Aliisimamisha sebuleni kando ya televisheni, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma cha shemeji Dorothea, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuifunua. Yeye peke yake, kila baada ya muda, aliutoa ule mwavuli, akaunyunyizia poda ya watoto ili mikunjo isigandane, akaukunja upya na kuurudisha. Nyumba ile ilinukia mtoto mchanga, na mtoto mwenyewe alikuwa ng'ambo na miaka thelathini. Mimi nilimtania sana kwa hilo, na yeye alinijibu kwamba mwavuli ukigandana siku ya siku, atamweleza nini Angelina.

Machi 2024 alianza kupungua mwili, akapimwa, akaonekana ana saratani ya ini, na madaktari walitueleza ukweli bila kuzungusha. Mwalimu Bashiri aliposikia hayo hakulala, akawatafuta wanafunzi wa chuo kimoja hapa mjini wanaorusha roketi kwa kibali na wana injini zinazokubaliwa, wakakubali kwa moyo mmoja, na asubuhi ya Jumamosi tarehe 15 Juni 2024, kabla upepo wetu wa kiangazi haujaamka, tulikwenda kwenye uwanja wa wazi nje ya mji. Marehemu aliifunua roketi kwa mkono wake, wanafunzi wakaitia injini, wakaivika kwenye kifimbo chake cha chuma, wakavuta waya na kumkabidhi kitufe. Gerson alishika simu, na Angelina alikuwa kwenye kioo, kwao kukiwa bado usiku.

Angelina alisema, "Baba, bonyeza. Nakuona."

Marehemu alikaa na kile kitufe mkononi muda mrefu, Bashiri ameelekeza uso pembeni. Kisha akakirudisha kwa wanafunzi, akawashukuru mmoja mmoja kwa jina, akaomba injini itolewe, akaisogelea simu na kumwambia mtoto wake, "Chako nimekifunika, mama. Utakuja ukifunue mwenyewe." Angelina alilia, na sisi tulilia, na nakiri kwamba njiani nilikasirika, nikamwambia kaka kwamba amechezea nafasi ambayo haitarudi, naye akanijibu kwa upole kwamba mama yetu hakuwahi kukifunua chakula cha baba kwa sababu tu ametuma salamu.

Baada ya hapo alitibiwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, akitoka na kurudi hospitali, na siku alizoweza kusimama aliingia sebuleni, akakunjua mwavuli, akaupaka poda. Julai mwaka huu mikono yake ilipokuwa inatetemeka mno, aliukunja Dorothea huku yeye akielekeza kutoka kitandani, na sijawahi kuona mke akikosolewa namna ile akanyamaza. Alitutoka asubuhi ya Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, ameshikwa mkono na mkewe na mwanawe Gerson. Neno la mwisho lililosikika vizuri lilikuwa swali, aliuliza kama upepo umetulia.

Ndugu waombolezaji, juzi kwenye kikao cha ukoo palitokea mvutano, na ni vizuri mkausikia hapa kuliko barabarani. Baadhi yetu, nami nikiwemo, tulitaka roketi iwekwe kwenye jeneza, tukiamini kwamba ndicho kitu alichokipenda na kwamba ni haki yake kwenda nacho. Dorothea, ambaye tangu msiba uanze alikuwa hajazungumza mbele ya wazee, alisema kutoka kwenye mkeka, "Hicho si chake. Alikuwa anamwekea mtoto." Kikao kikafungwa hapo, na roketi iko sebuleni, chini ya kitambaa chake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa uvumilivu, maana mgonjwa mwalimu husahihisha hata namna ya kutundikiwa dripu, inawashukuru majirani wa Mkonze kwa kuni, maji na kukesha nasi, walimu wenzake, wanafunzi wake wa zamani, wale vijana wa chuo waliokuja leo na wameniambia kwamba injini ya roketi ile bado wanaitunza, na Mwalimu Bashiri, ambaye hatuna neno la kumtosha.

Angelina, unatusikiliza kwenye simu ya Gerson, usilie peke yako huko. Poda ipo, mama yako anajua kuukunja mwavuli, na siku utakayokuja tutatoka asubuhi kabla ya upepo.

Pumzika kwa amani, kaka Yotham. Kumngoja, sasa tutamngoja sisi.