Mama Viti na Lori la Pua Ndefu

Mama yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Viti, alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Alisoma hadi darasa la saba. Kushona alijifunza kwa baba yake, enzi ambazo cherehani alikikanyaga kwa kusimama, maana akiketi miguu haikufika.

Mwaka 1971 alianza kushona viti vya magari kwenye gereji iliyo nyuma ya soko. Huko alikuja dereva wa lori, mrefu kama mlingoti, akilalamika kwamba kiti kinamuumiza mgongo. Mama alimjibu kuwa kiti hakina kosa, aliyezidi urefu ni yeye. Walioana tarehe 14 Desemba 1974. Baba ndiye aliyemfundisha kuendesha lile lori lake la pua ndefu, wakigombana kila kona na kucheka kila mteremko.

Baba alipofariki mwaka 2011, lori lilikuwa limeshauzwa zamani. Mama akasema ataunda jingine kama lile, aliendeshe mwenyewe mtaani, watu wamkumbuke mumewe. Kichwa cha lori alikipata kwenye yadi ya vyuma chakavu, kuku wametagia ndani. Mjomba wetu, makanika, alifunga injini. Shangazi alisimamia rangi ya buluu, na nani angembishia? Kiti alikishona mama kwa vipimo vya baba, alivyovijua kwa kichwa. Injini ikanguruma, tukashangilia, mama akapanda. Miguu ikaning'inia mbali na pedeli. Mjomba alitaka kukisogeza kiti mbele, mama akamkataza: hicho kina mwenyewe. Lori likabaki uani, linawashwa kila Jumapili, haliendi popote.

Oktoba 2023 daktari alituambia moyo wa mama umechoka. Asubuhi iliyofuata tulimkuta ndani ya lori, mkasi mkononi, anafumua mshono wa kiti.

"Wifi, vipi tena?" shangazi akauliza.

"Kaka yako amekaa vya kutosha. Asogee kidogo, na mimi niendeshe."

Jioni ile, mgongo wa kiti ukiwa umeongezwa sponji na miguu ikifika pedeli, alizunguka mtaa mzima kwa gia ya kwanza, honi haipumui, majirani wakimkimbilia nyuma kwa vigelegele, mjomba pembeni yake akilia bila haya.

Mama alifariki nyumbani, usingizini, tarehe 2 Juni 2024. Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, mdogo wake makanika, wifi yake, na lori lisilosumbua kuwaka.

Apumzike kwa amani; honi tutapiga sisi.