Dakika ya Kimya ya Mwanachama Namba Moja

Leo alfajiri, kabla hakujapambazuka, nilisikia mlio mdogo jikoni. Ting. Kitu cha chuma kimegonga kisosi. Nilijua ni nini kabla sijavaa ndara. Mume wangu Custódio alikuwa amevua beji yake ya klabu kwenye koti, akaiweka kwenye kisosi cha kahawa. Ile beji ya dhahabu. Ile ya mwanachama namba moja.

"Nitaivaaje leo, Felismina?" akaniuliza. "Niivae, na mwenyewe yuko kaburini?"

Nikachemsha kahawa.

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo? Ni mimi Felismina, bibi yenu wa Jumamosi asubuhi. Leo tunamkumbuka Mzee Baltasar Cravidão, mwanachama namba moja wa klabu yetu ya michezo hapa mjini, União ya Ribalva. Amefariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka themanini na minane. Narudia, maana najua wengi mnashangaa: amefariki Jumanne iliyopita. Si mwaka jana. Mwaka jana mliambiwa amekufa, na aliyewaambia ni mimi, kwa sauti hii hii. Naomba mnivumilie. Nitaeleza kila kitu, lakini kwanza nimsimulie yeye.

União ilianzishwa na wafumaji wa kiwanda cha sufu, miaka miwili kabla Baltasar hajazaliwa. Baba yake alikuwa mmoja wao. Mtoto alipofikisha siku mbili, baba alikwenda kumwandikisha klabuni kwanza, ndipo akaenda kwenye ofisi ya vizazi. Mama mtu alinuna wiki nzima. Mtoto akapewa namba mia moja na nne.

Namba zetu, mnajua, hupangwa upya kila baada ya miaka kumi. Waliokufa wanafutwa, waliobaki wanasogea juu. Baltasar alisogea kutoka mia moja na nne mpaka moja. Ilimchukua miaka sabini na saba. Hakuwahi kujisifu nayo. Alisema, "Sikufanya lolote, Bi Felismina. Nimekawia tu kuondoka."

Lakini alifanya mengi. Mpira wa miguu ulimkataa mapema, kwa hiyo akawa kipa wa hoki ya viatu vya magurudumu. Kiwandani alifanya kazi ya kutia sufu rangi, na mikono yake ilikuwa ya buluu hadi kwenye viwiko. Timu za ugenini zilimcheka. "Kipa wenu kachovywa wino!" Naye akawajibu, "Karibuni niwapige muhuri."

Uwanja wa hoki mnaouona leo, ule wa saruji, wanachama waliumwaga wenyewe mwezi wa Agosti, katika lile joto letu. Saruji ikikauka haraka inapasuka. Baltasar alichukua likizo yake yote ya kiwandani, siku kumi, akawa anamwagilia maji magunia yaliyofunika saruji ile. Siku ya kwanza, saruji ingali mbichi, paka alikuwa amepita juu yake. Wenzake wakataka kuziba nyayo. "Ziacheni," akasema. "Naye ni mwanachama." Nyayo zile zipo mpaka leo, karibu na goli la upande wa kanisa.

Na kuna jambo jingine, hili ni la nyumbani kwangu. Binti yangu Ivone alikuwa na miaka tisa. Wakati huo kamati ilisema wasichana ni wa mazoezi ya viungo tu, hoki si yao. Ivone alikuwa anasimama nje ya uzio kila jioni, anatazama. Siku moja Baltasar, ambaye sasa alikuwa kocha, akamwendea.

"Wewe, mbona unaushikilia huo uzio, unaanguka? Ingia ndani."

Akapiga magoti mbele yake, akamfunga kamba za viatu yeye mwenyewe, taratibu, kama anafunga kidonda. Mtu wa kamati akapiga kelele kutoka jukwaani, "Baltasar! Huyo ni msichana!"

"Ndiyo maana nikimwambia kitu anasikia," akajibu, wala hakugeuka.

Ivone alicheza União miaka kumi na minne. Nilimwahidi Baltasar moyoni kwamba sitamsahau.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Mwaka jana ulikuwa mwaka wa kupanga namba upya. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika. Tulikaa katika mkahawa wa klabu, mimi na Abílio wa ofisini, na orodha mezani. Barua tuliyompelekea Baltasar ilikuwa imerudi, haikumpata mwenyewe. Mkewe alipofariki, alihama ile nyumba ya zamani, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza amehamia wapi.

"Huyu si alikufa wakati ule wa baridi kali?" akasema Abílio.

"Eti?" nikamuuliza mtu aliyekuwa anakunywa kahawa kaunta.

"Nadhani ndiyo. Niliona tangazo la mazishi mlangoni kwa kinyozi."

Nadhani ndiyo. Hayo tu. Simu ilikuwa pale kaunta. Sikuinyanyua. Nilichukua rula, nikapiga mstari juu ya jina la Baltasar Cravidão.

Na namba mbili alikuwa nani? Alikuwa mume wangu. Wasikilizaji wapendwa, nilifurahi. Kwanza nilisikitika, kama dakika mbili hivi, halafu nilifurahi. Nilikwenda nyumbani nikampigia Custódio pasi koti lake.

Jumapili ile, kabla ya mechi, uwanja mzima ulisimama kimya dakika moja kwa ajili ya Mzee Baltasar. Halafu Custódio akaingia katikati ya uwanja akavikwa beji, watu wakampigia makofi. Mimi, tangu ile dakika ya kimya, nilikuwa kwenye kibanda cha redio, nawasomea wasikilizaji maneno mazuri juu ya marehemu. Nililia kidogo. Watu walinisifu.

Jumatatu asubuhi simu ya studio ikalia. Alikuwa Zulmira, mpwa wa Mzee Baltasar.

"Bi Felismina, mjomba anashukuru sana kwa maneno yako. Anauliza tu kama mnaweza kumrudishia namba yake, maana bado anaitumia."

Nilikaa chini. Kiti hakikuwepo. Nilikaa sakafuni.

Alikuwa anaishi nyuma ya uwanja. Nyuma tu, ghorofa ya tatu, nyumba isiyo na lifti. Magoti yake yalikuwa yamekufa, ngazi zilikuwa zimemshinda. Dirisha lake linasikia kila goli. Jioni hiyo hiyo mimi na Custódio tukapanda. Nilibeba mkate wa mahindi. Nilibeba pia kinasa sauti, nirekodi maneno yake, niyatangaze, nijisahihishe mbele ya mji wote.

Akatukaribisha kwa mikono miwili. Akatukatia jamu ngumu ya matunda na jibini. Custódio akaanza kuifungua beji, akipapasa pini yake.

"Wewe Custódio, acha hiyo," akasema Mzee Baltasar. "Utajichoma."

"Ni yako, kaka."

"Watu wamekupigia makofi. Sasa urudi katikati ya uwanja uvuliwe? Kwani umeiba?" Akanigeukia. "Na wewe, usiseme kitu redioni. Utamtia aibu mumeo bure."

Halafu akatusimulia Jumapili yake. Dirisha lilikuwa wazi. Redio ilikuwa bado kwenye matangazo ya duka la samani. Ghafla akasikia uwanja umenyamaza.

"Nikajua ni dakika ya marehemu," akasema. "Nikashika meza, nikasimama. Nilisimama tangu mwanzo, sijui ni ya nani. Halafu nikasikia sauti yako, unataja jina langu."

"Ukafanyaje?" nikamuuliza.

"Ningefanyaje? Nilikuwa nimeshasimama. Nikaimalizia."

Akacheka sana. Custódio naye akacheka. Mimi sikuweza.

Nilikubali kunyamaza. Hiyo ndiyo aibu yangu ya pili, na ni kubwa kuliko ya kwanza. Kosa la kwanza lilikuwa uzembe. Hili la pili nilijua. Yule mzee alinisitiri, nami nikajifunika ile huruma yake kama blanketi. Miezi kumi na minne nimekaa kwenye maikrofoni hii, nikiacha mji uamini amekufa.

Yeye aliomba kitu kimoja tu, nimtembelee. Nilikwenda mara mbili. Mara ya pili nilipanda nikihema, akanisikia kutoka juu. Baada ya hapo zikaja mvua, wakaja wajukuu, ikaja sherehe ya klabu ya miaka tisini. Nilisema nitakwenda wiki ijayo. Mnazijua hizo wiki zijazo.

Jumatano nilipita dukani kwa mwoka mikate, nikamwambia Mzee Baltasar amefariki. Akanitazama. "Cravidão? Lakini Bi Felismina, huyo si mlishamzika?"

Alhamisi tulikuwa watu saba makaburini. Saba, kwa mtu aliyekuwa mwanachama kwa miaka themanini na minane. Kimya chake mji ulikuwa umeshakitoa, na mimi ndiye niliyekitumia kabla ya wakati.

Baada ya mazishi nilipanda nyumbani kwake kumsaidia Zulmira kukunja nguo. Kwenye ghorofa ya pili, pale ngazi zinapokata kona, nilikuta kiti cha mbao chenye mto mdogo. Nikamuuliza Zulmira ni cha nani.

"Ni chako, bibi," akasema. "Mjomba alimwomba jirani akishushe. Hakutaka kitolewe."

Wasikilizaji wapendwa, jana tumefungua daftari la wanachama. Nimeandika kwa mkono wangu: Baltasar Cravidão, namba moja, mpaka Jumanne iliyopita. Custódio anairudisha beji leo, anamkabidhi Zulmira. Kesho, saa tisa alasiri kabla ya mechi, tutasimama tena dakika moja. Njooni. Safari hii ni ya kweli.

Zulmira, binti yangu, pole sana. Klabu inakupa pole, na mimi nakuomba radhi mbele ya wote wanaosikiliza. Nanyi mlio nyumbani, kila mmoja ana jina ambalo hajalisikia siku nyingi. Usimuulize mtu wa kaunta. Nenda ukabishe hodi mwenyewe.

Nilisema nilibeba kinasa sauti siku ile ya kwanza. Nilisahau kukizima, na kikanasa mpaka tulipokuwa tunaaga mlangoni. Zulmira ameniruhusu niwasikilizishe. Hii hapa sauti ya Mzee Baltasar:

"Shikeni ukuta, taa ya chini imeungua. Haya, asanteni kwa mkate. Bi Felismina! Ngazi ni arobaini na nane, nimezihesabu. Zikikushinda, pumzika katikati, hakuna anayekukimbiza. Mimi nipo tu hapa. Njoo tena, eh? Njoo tena."