Tata Barnabé Kabongo Hakulala Siku ya Kura

Tata Barnabé Kabongo alizaliwa Lubudi tarehe 14 Machi 1961, nyumba ya tatu kutoka stesheni. Alimaliza shule ya msingi hapo hapo, akaingia shule ya ufundi, akaiacha mwaka wa tatu baba yake alipofariki.

Mwaka 1984 alikuja Kolwezi, akawa fundi wa breki za malori ya mgodi. Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na Mama Huguette Ndaya, parokiani Manika. Mama husimulia kwamba siku ya kwenda kuposa, Tata alifika mapema mno, akaona haya kubisha hodi, akazunguka nyumba mpaka mbwa wa wakwe akamzoea.

Kura aliipenda. Tangu 2006 mpaka 2018 hakukosa hata moja. Alivaa shati jeupe, na wino wa kidoleni hakuusugua. Aliuacha utoke wenyewe.

Desemba 2023 siku ya kura ilikuwa ya mapumziko, lakini mgodi haukupumzika. Getini, mwenye daftari la zamu alikuwa mwanawe wa kwanza, Josias, huyu anayewasomea sasa. Saa tano asubuhi Tata alimjia, shati jeupe likionekana chini ya ovaroli.

"Josias, unipe masaa mbili tu. Naenda mbio, narudi."

"Tata, nikikuacha weye, bote batataka kutoka. Chef atanifukuza."

"Basi. Mi sitaki kukuharibishia kazi, mwana."

Akarudi kwenye breki zake. Ukweli ni kwamba chef, mkuu wa kazi, hakuwa amekataza kitu. Simu ilikuwa mezani, na Josias aliogopa tu kuuliza.

Zamu iliisha saa kumi na mbili jioni. Tata alipofika Manika, milango ya kituo cha kura ilikuwa imefungwa. Majirani, vidole vyao vyeusi, wakamuuliza kulikoni. Akajibu kwamba kazini walimruhusu, ila alijilaza kidogo chini ya lori na usingizi ukamchukua. Tangu hapo wakamwita Tata Usingizi. Walimwita hivyo hata kwenye harusi ya binti yake Myriam, naye akacheka pamoja nao. Josias alikuwa meza ileile. Aliendelea kumega bukari na kuichovya kwenye mchuzi, kama ugali wa siku zote.

Juni 2024 Tata aliugua figo. Siku moja hospitalini Josias alimwambia anataka kuwaeleza watu ukweli.

"Weye uko na batoto ya kulea," Tata akasema. "Mi niko muzee. Banicheke tu."

Alifariki Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, alfajiri.

Juzi, Josias akiomba ruhusa ya msiba, ndipo alipomuuliza chef kama siku ile mafundi wangeweza kwenda kupiga kura kwa kupokezana, wawili wawili.

"Bien sûr, bangeweza," chef akasema. "Juu ya nini haukuulizaka?"

Josias anaona aibu mbele ya jeneza hili, mbele ya mama yake, na mbele ya mafundi wote waliokosa kura kwa sababu ya daftari lake. Mtu anayeshinda kazini asilazimike kumwomba mwanawe masaa mawili ya kupiga kura.

Marehemu ameacha mjane, Mama Huguette. Watoto watatu, Josias, Myriam na Samy. Na wajukuu wanane.

Jina la Tata Usingizi tulizike leo pamoja naye. Siku ya kura hakulala. Alikuwa chini ya lori, macho wazi, akingoja mwanawe amfungulie geti. Mungu ampe sasa pumziko ambalo siku ile hakulipata.