Neno la Jiwe la Wilfred

Basi la kwenda Skipton, kaskazini mwa Uingereza, lilikuwa nusu tupu, lakini mzee mmoja mwenye tai, mwalimu mstaafu wa Kifaransa, alichagua kukaa karibu na Bi Thwaite, mjane wa mfugaji kondoo. Mimi nilikuwa nyuma yao, na masikio sikuyaacha nyumbani.

Bi Thwaite alikuwa anampelekea kasisi maneno ya kuchongwa kwenye jiwe la kaburi la mumewe. Huku kwetu jiwe haliingii uwanja wa kanisa mpaka kasisi akubali kila neno. "Nataka 'alas', basi," alisema, lile neno la Kiingereza cha kale la kusema 'ole'. "Wilfred alilisema kila jioni akivua buti ngazini."

"Hatakukubalia, mama. Siku hizi hilo limebaki neno la utani."

"Hata yeye alikuwa anatania. Nilikuwa namwambia, haya mwigizaji, chai inapoa."

Mzee akacheka, halafu ualimu ukampanda. Akaeleza kwamba neno lilitoka Ufaransa karne nyingi nyuma, na kabla halijawa la huzuni, mtu alilisema kumaanisha: ah, nimechoka mimi.

Tulipokuwa tunavuka mto Bi Thwaite alimgeukia. "Moyo wake ulisimama palepale kwenye ngazi," alisema. "Buti moja bado mguuni."

"Labda mwenyewe hakujua lilikotoka, mama."

"Labda. Lakini alikuwa amechoka, na mimi nilikuwa nacheka."

Basi likasimama kanisani. Huku kwetu hata mfiwa humshukuru dereva. Bi Thwaite alishuka bila kumshukuru, na dereva akatugeukia sisi wawili kana kwamba tumemfanyia mjane kitu kibaya.